Barabara Inapokata Ardhi: Somo la Matabaka, Vigae na Chuma katika Nchi ya Shinyanga na Geita

Kila barabara kuu inayojengwa huikata ardhi mara mbili. Mara ya kwanza ni pale katapila linapochonga kilima ili njia ipite bila mwinuko mkali. Mara ya pili ni pale malori yanapochota changarawe katika mashimo ya kando ili kujaza tuta. Kwa mhandisi kazi hizo mbili ni hesabu ya meta za ujazo. Kwa mtaalamu wa mambo ya kale ni nafasi ya kuona, kwa siku chache tu, mambo yaliyofunikwa na udongo kwa mamia au maelfu ya miaka. Nafasi hiyo hairudi, kwa kuwa kitu kilichokwisha kung'olewa na kupakiwa ndani ya lori hakiwezi tena kurudishwa mahali kilipolala.

Nchi ya Shinyanga na Geita ni mahali pafaapo sana kujifunzia jambo hili, kwa sababu ardhi yake inachimbuliwa kwa kasi kubwa. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Dhahabu ilichimbwa Geita kuanzia miaka ya 1930 hadi mgodi wa zamani ulipofungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza kuzalisha mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, katika eneo la Kahama, ulianza mwaka 2001. Pamoja na migodi hiyo yapo maduara ya wachimbaji wadogo. Barabara ya lami hutoka Usagara, ikapita Geita, ikaelekea Kagera. Na mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3 hivi, linalovuka Ghuba ya Mwanza.

Makala haya yanaeleza namna ya kuusoma ukingo wa barabara uliokatwa, vitu vinavyotarajiwa kuonekana katika nchi hii, na sababu ya kusema kwamba mahali kitu kilipolala pana thamani kuliko kitu chenyewe.

KANUNI YA MATABAKA

Udongo haujengeki kwa siku moja. Mvua huleta mchanga kutoka mlimani, upepo huleta vumbi, majani huoza, nyumba huanguka, na watu hutupa majivu na takataka. Kila kipindi huacha tabaka lake. Mwaka 1669 Nicolaus Steno, mwanasayansi wa Denmark aliyefanya kazi Italia, aliandika kanuni ambayo hadi leo ndiyo msingi wa somo hili: endapo matabaka hayajavurugwa, lililo chini ni la kale kuliko lililo juu yake.

Kanuni hiyo ni nyepesi kukariri, lakini kuitumia kunahitaji uangalifu. Ichukuliwe mfano wa ukingo wa barabara wenye kina cha meta 2. Juu kuna udongo wa kulimwa wenye rangi ya kijivu. Chini yake udongo mwekundu. Na chini kabisa mwamba uliooza. Katikati ya udongo mwekundu inaonekana alama ya kijivu yenye umbo la mfuko, nayo ina vigae vya chungu. Mwanafunzi asiyefahamu atasema kwamba vigae hivyo ni vya wakati mmoja na udongo mwekundu, kwa sababu vimo ndani yake. Atakuwa amekosea. Alama hiyo ni shimo lililochimbwa na watu walioishi juu, kwenye udongo wa kijivu, wakalijaza majivu na taka. Kwa hiyo umri wa shimo ni sawa na umri wa tabaka lilipoanzia, wala si umri wa tabaka lilipoishia.

Hapa ndipo uonekanapo umuhimu wa ukingo. Mtu aliyeokota kigae kwenye rundo la kifusi hawezi kujua kama kilitoka katika shimo, au katika udongo mwekundu, au juu kwenye shamba. Kigae hakikupungua hata chembe, lakini habari iliyokuwamo imekwisha kupotea.

MAMBO MATATU YANAYODANGANYA

Katika nchi ya Shinyanga na Geita yako mambo matatu ambayo huyavuruga matabaka, na hapana budi kuyafahamu kabla ya kutoa hukumu.

La kwanza ni mchwa. Mchwa huchukua chembe ndogo za udongo kutoka chini na kuzipandisha juu ili kujenga vichuguu. Kichuguu kinapokufa, mvua hukibomoa na kuutandaza udongo wake. Mawe, vigae na vipande vya chuma, ambavyo mchwa hawezi kuvibeba, hubaki chini, na kidogo kidogo hufunikwa na udongo mpya. Baada ya karne nyingi hufanyika mstari wa mawe unaoonekana wazi katika kingo nyingi za barabara. Vitu vya nyakati mbalimbali vyaweza kukusanyika katika mstari huo mmoja, ingawa viliachwa na watu waliopishana kwa maelfu ya miaka.

La pili ni udongo wa mbuga. Wakulima wa Usukuma wanaijua vizuri tofauti ya udongo wao: juu ya mteremko kuna udongo wa kichanga uitwao luseni, na bondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Mpangilio huo wa aina za udongo kutoka kilimani hadi bondeni ulielezwa kisayansi katika miaka ya 1930 na Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Na wazo lake sasa linafundishwa duniani kote. Udongo wa mbuga huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake huweza kuwa na kina cha meta moja au zaidi. Kigae kilichoanguka ndani ya ufa mwezi wa Septemba kitafunikwa ufa utakapofunga kwa mvua. Mtu atakayekikuta baadaye atadhani kuwa ni cha kale sana kwa sababu ya kina chake, kumbe kilivunjika juzi.

La tatu ni mmomonyoko. Maji huteremsha udongo pamoja na vitu vilivyomo. Mkoa wa Shinyanga unaufahamu msiba huu, na ndiyo sababu mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa hifadhi ya ardhi uliojulikana kwa jina la HASHI, ambao ulihimiza wananchi kurudisha ngitili zao. Vigae vilivyokutwa chini ya mteremko vyaweza kuwa vimesafiri kutoka kwenye kaya ya kale iliyokuwa juu. Vigae vya namna hiyo huwa na kingo zilizolainika kwa kusuguana. Vilivyobaki mahali pake huwa na kingo kali, na mara nyingi vipande vya chungu kimoja hukutwa pamoja.

VIGAE NA MFUATANO WA WATU KANDO YA ZIWA

Chungu huvunjika upesi, lakini kigae hakiozi. Tena kila jamii ina namna yake ya kufinyanga na kutia nakshi. Kwa sababu hizo mbili vigae ndiyo kalenda ya kwanza ya mtaalamu wa mambo ya kale. Katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria makundi makuu matatu yametambuliwa.

Kundi la kale zaidi linaitwa Kansyore, kwa jina la kisiwa kilichomo katika Mto Kagera, upande wa Uganda. Vyungu vyake vina nakshi za kuchoma na kukandamiza kwa kifaa chenye meno, nazo mara nyingi hufunika sehemu kubwa ya chungu. Waliovitumia walikuwa wavuvi, wawindaji na waokotaji wa matunda na mizizi, na walitumia zana za mawe, hasa za kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimbaji wa dhahabu wanalifahamu vizuri. Kundi hili lilianza takriban miaka 8,000 iliyopita na kuendelea kwa maelfu ya miaka.

Kundi la pili ni Urewe, kwa jina la mahali palipo Siaya, nchini Kenya. Lilielezwa kwa mara ya kwanza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1948 na Mary Leakey, W. E. Owen na Louis Leakey. Vyungu vya Urewe vilitengenezwa kwa ustadi mkubwa. Midomo yake imechongwa kwa pembe, shingo na mabega yana mifereji iliyochorwa sambamba, na baadhi yake vina kibonyeo cha kidole kwenye kitako. Vyungu hivi vinahusiana na wakulima wa mwanzo na wahunzi wa mwanzo wa nchi hizi, kuanzia karne chache K.K. hadi karne ya 8 hivi B.K.

Kundi la tatu lina nakshi zilizofanywa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Lilienea baada ya mwaka 800 hivi B.K., na ufundi huo umeendelea mikononi mwa wafinyanzi hadi nyakati za karibuni.

Jirani kabisa na barabara ya Geita, katika Mkoa wa Mwanza, R. C. Soper na B. Golden walifanya utafiti ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 1969. Walichunguza mapango ya miamba ya granaiti kama Nyang'oma, wakakuta vigae vya Kansyore na vya Urewe. Kwa hiyo fundi wa barabara anayekata kilima upande wowote wa Ghuba ya Mwanza hafanyi kazi katika nchi tupu. Anapita katika nchi iliyokaliwa na watu tangu zamani sana.

Faida ya kuyaona makundi haya katika ukingo mmoja ilidhihirika upande wa pili wa ziwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika eneo la mradi wa umeme wa maji wa Sondu-Miriu, magharibi mwa Kenya, ulifanyika utafiti wa kuokoa mambo ya kale. Mradi huo ulihitaji barabara, handaki la maji na kituo cha umeme. Mahali paitwapo Wadh Lang'o palichimbwa kwa utaratibu, tabaka baada ya tabaka. Chini kulikuwa na vyungu vya Kansyore pamoja na mifupa ya samaki na wanyama wa porini; juu yake zilifuata dalili za wafugaji; na juu zaidi vyungu vya Urewe. Hivyo wataalamu waliweza kuonyesha kuwa ufugaji ulifika katika nchi hiyo kabla ya Urewe, na kwamba watu wa ziwa hawakuacha uvuvi na uwindaji kwa ghafla. Kama vigae vile vyote vingaliokotwa kwenye rundo moja la kifusi, kila kimoja kingalitambulikana jina lake, lakini swali la nani alitangulia na nani alifuata lisingalijibika.

MAVI YA CHUMA: JIWE LISILO JIWE

Kitu ambacho yamkini mwanafunzi wa Geita atakiona kwanza kando ya barabara si chungu bali ni mavi ya chuma, yaani taka inayobaki baada ya kuyeyusha mtapo wa chuma katika tanuri. Ni kitu cheusi au cha rangi ya kahawia, kizito, chenye matundu ya mapovu, na mara nyingi uso wake unaonyesha mikunjo kama ya uji mzito uliomwagika ukapoa. Kwa kuwa kinafanana na changarawe, huweza kushindiliwa katika tuta la barabara bila mtu yeyote kutambua.

Ufundi wa kuyeyusha chuma ni somo zuri la kemia. Katika tanuri, makaa huungua na kutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hiyo huinyang'anya oksijeni oksaidi ya chuma iliyomo katika mtapo:

Fe₂O₃ + 3CO → 2Fe + 3CO₂

Chuma safi huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1,535 hivi, joto ambalo haikulazimu tanuri la kale kulifikia. Kwenye joto la sentigredi 1,200 hivi, mchanga na uchafu mwingine wa mtapo, ukichanganyika na sehemu ya oksaidi ya chuma, huyeyuka na kutiririka. Hayo ndiyo mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki kama bonge laini lenye matundu, ambalo mhunzi hulifua likiwa jekundu ili kulikamua taka iliyosalia. Kwa hiyo rundo la mavi ya chuma ni ushahidi kwamba tanuri lilikuwa hapo hapo au karibu sana, kwani hakuna aliyejisumbua kubeba taka nzito safari ndefu.

Katika Mkoa wa Kagera, Peter Schmidt na wenzake walichimba matanuri ya Enzi ya Chuma ya Mwanzo huko Katuruka na Kemondo Bay, karibu na Bukoba, kuanzia miaka ya 1970. Walikuta mashimo ya matanuri, matofali ya udongo yaliyochomwa, na mabomba ya udongo yaliyopitisha hewa ya mivukuto. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri na kuyeyusha chuma kwa kufuata kumbukumbu zao. Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha makala katika jarida la Science wakisema kwamba mafundi hao walipata chuma chenye kaboni, yaani chuma cha pua, na kwamba hewa ilipata joto ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye moto. Hoja hiyo ya joto la hewa ilizusha mjadala mkubwa miongoni mwa wataalamu. Lakini jambo moja halina ubishi: nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria zilikuwa na wahunzi stadi karne nyingi kabla ya meli yoyote kuleta chuma cha Ulaya.

Geita nayo imo katika historia hiyo. Warongo, wayeyushaji chuma wa Uzinza na sehemu za Geita, walifanya kazi zao porini karibu na mtapo na miti ya makaa, na majembe ya nchi hiyo yaliuzwa hadi Usukuma na Unyamwezi. Yapo pia mafungamano ya kijiolojia yanayostahili kuzingatiwa. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Geita imo katika miamba yenye mistari ya chuma, iliyofanyika zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Nchi inayotafutwa leo kwa ajili ya dhahabu ni nchi iliyojulikana jana kwa ajili ya chuma.

KUPIMA UMRI

Vigae na matabaka huonyesha mfuatano, yaani kipi kilitangulia. Ili kupata miaka yenyewe, njia inayotumika zaidi ni ile ya kaboni 14. Kila mmea na mnyama aliye hai hupokea kiasi kidogo cha kaboni hiyo kutoka hewani kwa njia ya chakula. Anapokufa hapokei tena, na kaboni 14 iliyomo hupungua kwa kipimo maalumu: kila baada ya miaka 5,730 hubaki nusu yake. Ikiwa kipande cha makaa kimebakiwa na robo, zimepita nusu mbili, yaani miaka 11,460. Baada ya miaka 50,000 hivi kiasi kinachobaki ni kidogo mno kupimika.

Makaa yaliyonaswa ndani ya mavi ya chuma ni sampuli bora sana, kwa sababu hapana shaka yaliungua katika tanuri lile lile. Makaa yaliyookotwa juu ya ardhi hayana faida, kwani yaweza kuwa ya moto wa shamba wa mwaka jana. Na hata sampuli njema ina mtego wake. Kipimo huonyesha wakati mti ulipoota, si wakati ulipochomwa. Tanuri lililowashwa kwa moyo wa mti mkubwa wa miaka 300 litaonekana kuwa la kale kuliko lilivyo.

Yafaa pia kutenganisha kifaa kilichotengenezwa na binadamu na mfupa uliogeuka jiwe. Katika Bonde la Manonga, linalopakana na mikoa ya Shinyanga na Tabora, ikiwa ni pamoja na Tinde, imekutwa mifupa ya jamii za kale za tembo, viboko na farasi, yenye umri wa miaka milioni 4 hadi 5 na nusu hivi. Mabaki hayo yalichunguzwa tena miaka ya 1990 na kundi lililoongozwa na Terry Harrison. Kaboni 14 haiwezi kupima umri mkubwa namna hiyo, na wanyama hao waliishi kabla ya zana za mawe za kale kabisa zinazojulikana. Hata hivyo kanuni ni ile ile: mfupa uliong'olewa bila kuandikwa tabaka lake umepoteza sehemu kubwa ya maana yake.

FUVU LA KABWE

Kwa kuwa Geita ni nchi ya migodi, mfano mmoja wa mgodini unastahili kukumbukwa. Mwaka 1921, katika mgodi wa risasi na zinki wa Broken Hill, ambao sasa ni mji wa Kabwe nchini Zambia, mchimbaji mmoja aliyeitwa Tom Zwiglaar alikuta fuvu la kichwa likiwa zima kabisa. Fuvu hilo lilipelekwa London, na mwaka huo huo Arthur Smith Woodward akalitangaza kuwa ni la aina ya binadamu wa kale. Ni mojawapo ya mafuvu yaliyohifadhika vizuri kupita yote ya wakati wake katika Afrika.

Lakini uchimbaji uliendelea. Kilima kilichokuwa na pango lile kilisagwa chote na kutoweka. Hakuna aliyekuwa amechora matabaka wala kuandika kwa hakika ni vitu gani vilikuwa pamoja na fuvu. Kwa karibu miaka mia moja wataalamu walibishana juu ya umri wake, na makadirio yao yalitofautiana kwa mamia ya maelfu ya miaka. Mwaka 2020 tu ndipo kundi lililoongozwa na Rainer Grün, kwa kupima vipande vidogo vya fuvu lenyewe na vitu vilivyohusiana nalo, lilipotoa umri wa takriban miaka 299,000, ambao waweza kupungua au kuzidi kwa miaka 25,000. Mchoro wa saa moja, uliofanywa siku ile ya mwaka 1921, ungaliwapunguzia wataalamu ubishi wa karne nzima.

SHERIA NA WAJIBU

Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inavilinda vitu vilivyotengenezwa na majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na inamtaka aliyevumbua kitu cha namna hiyo atoe taarifa kwa wenye mamlaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini kabla ya kuanza, na urithi wa kale ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa. Lakini hakuna tathmini inayoweza kuona kila kitu kilichofukiwa. Mtu wa kwanza kukiona ni dereva wa greda, kibarua mwenye sururu, au mwanafunzi anayepita kwenda shule.

Mtu huyo atende yafuatayo:

1. Kazi isimame pale penye kitu, hata kama inaendelea mahali pengine.
2. Kitu kisivutwe, kisioshwe, wala kisichokonolewe. Udongo ulioshikamana nacho ni sehemu ya ushahidi.
3. Picha ipigwe, na kitu kama rula au jembe kiwekwe kando ili kuonyesha ukubwa.
4. Yaandikwe: jina la kijiji, umbali kutoka nguzo ya karibu ya barabara, upande wa barabara, na kina kutoka juu ya ardhi.
5. Taarifa itolewe kwa mhandisi msimamizi, uongozi wa kijiji na ofisi ya utamaduni ya wilaya, ili ifike katika idara ya serikali inayohusika na mambo ya kale. Ikiwa ni mifupa ya binadamu, polisi pia waarifiwe.

Kuna adui mmoja wa kazi hii ambaye anafaa kutajwa. Ni uvumi wa mali iliyofukiwa na Wajerumani. Kwa sababu ya uvumi huo, watu wakimwona mtaalamu akipima shimo hudhani kuwa anatafuta dhahabu, na akiondoka usiku huo huo hurudi na majembe. Katika nchi ambayo dhahabu ipo kweli, dhana hiyo si ya kushangaza. Dawa yake si kukemea, bali ni kueleza. Kigae cha Urewe hakiuziki sokoni wala hakina kito ndani yake. Thamani yake ni kwamba, kikiwa mahali pake, kinasema ni nani aliyelima nchi hii miaka 1,500 iliyopita, alikula nini, na alijifunza wapi kuyeyusha chuma. Habari hizo hazimo katika maandishi yoyote.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu aweza kulifundisha somo hili bila gharama. Chukua chupa pana ya kioo. Weka tabaka la mchanga mweupe, kisha udongo mwekundu, kisha udongo mweusi, na katika kila tabaka ficha kitu kimoja: kipande cha mkaa, kigae, kizibo cha soda. Chimba shimo dogo kutoka juu hadi kwenye mchanga, tia punje ya mahindi, kisha lifukie kwa udongo mweusi. Wanafunzi wachore wanachokiona pembeni mwa kioo na kueleza mfuatano wa matukio. Baadaye mimina vyote katika sinia, changanya, na uwaulize maswali yale yale. Wataelewa wenyewe kilichopotea.

Kwa ziara ya nje, wanafunzi wasimame mbali na kingo zinazoweza kuporomoka, wala wasiingie katika mashimo ya changarawe au maduara yaliyoachwa. Wachore na kuandika tu, wasichimbe.

MASWALI

1. Kigae chenye nakshi za kuviringisha kamba kimekutwa chini ya kigae cha Urewe katika udongo wa mbuga. Toa sababu moja inayoweza kueleza jambo hilo.
2. Kipande cha makaa kimebakiwa na sehemu moja ya nane ya kaboni 14. Kina umri gani?
3. Eleza tofauti mbili za kukusaidia kutenganisha mavi ya chuma na changarawe ya kawaida.
4. Kwa nini rundo la mavi ya chuma ni ushahidi wa tanuri, lakini jembe moja la chuma si ushahidi wa tanuri?
5. Mkandarasi anasema kwamba vigae vyote vilivyoonekana vimekusanywa salama katika gunia. Mwandikie barua fupi, kwa adabu, ukimweleza ni nini kilichokosekana katika gunia hilo.